Tangu Majibu Yatoke, Hakuna Anayemwita Chaltok

Mpendwa Shangazi Pyo,

Nakuomba unishike mkono, maana nimezungukwa na watu wenye majibu na sijapata hata mmoja wa kuniuliza swali. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nina kiwanda cha gim, ile karatasi ya mwani wa kuchoma, hapa Gwangcheon, si kikubwa, watu kumi na tisa tu, lakini ni changu, nilianza nikiwa na miaka ishirini na mbili na jiko moja la makaa pale sokoni, nachoma mwani karatasi kwa karatasi, napaka mafuta ya ufuta kwa brashi, vidole vikaungua mpaka leo simu yangu haitambui alama zake, na hakuna aliyenipa hata karatasi moja ya bure, kwa hiyo ukiona naandika kwa hasira nivumilie, ni mazoea ya mtu ambaye kila alichonacho amekidai mwenyewe.

Mume wangu naye ni mtu mpole, namwita Baba Solbi kwa jina la binti yetu aliye bweni huko Gongju, ndiye anayeendesha lori la kiwanda, na baada ya Solbi tulipata mimba mbili zikatoka zenyewe, moja baada ya nyingine, nikaacha kutumaini, nikagawa kitanda cha mtoto na nguo zote, na mwaka huu mwishoni mwa Septemba nikaenda hospitali nikidhani hedhi imeanza kunikimbia kabla ya wakati, daktari akageuza kioo akanionyesha, kumbe nina mimba. Shangazi, sikulia hospitalini, nililia garini, na Baba Solbi alipoambiwa alikwenda akafagia uwanja mzima ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Yeye ndiye aliyempa jina la tumboni. Alimwita Chaltok, ile keki ya mchele unaonata, ili safari hii mimba inate isiteleze kama zile mbili, na kila asubuhi kabla ya kuwasha lori alikuwa anainama mbele ya tumbo langu, mbele ya wafanyakazi, hana aibu, anasema, "Chaltok, shikilia hapo hapo, baba anapeleka mzigo Suwon, nakuja." Mama mkwe wangu naye hakutaka kupitwa, alipiga simu kutoka Boryeong akasema ameota ndoto ya mimba, ile ambayo kwetu ndugu humwotea mjamzito, boga kubwa kama pipa limebiringika kutoka mlimani likamwingia mapajani, na akasema, "Mkwe, huyo ni mwanamume, mwenye mashavu, boga kama lile halidanganyi!" Nikacheka, nikafurahi, nikamtumia boksi mbili za gim.

Basi hospitali wakaniambia kwa umri wangu ni vizuri nipimwe damu kuangalia kromosomu za mtoto, si lazima, ukitaka, na kuna kipimo cha kawaida na kile kipana kinachoangalia mpaka vipande vidogo vidogo, na mimi ni mtu ambaye nikinunua mashine nanunua nzima, nikachukua kile kipana. Siku walipopiga simu nilikuwa nimekaa kiwandani kando ya kapu la bluu. Nikueleze kidogo ili unione nilivyokuwa. Gim ikitoka kwenye mkanda inapita chini ya kamera, na karatasi yoyote yenye tundu, au kijiganda cha kamba mdogo, au doa, mashine inaipuliza inaangukia kapu la bluu, na mashine hii nimeitoa mbali na naipenda, haipitishi mbovu, lakini ni mwoga sana, kivuli tu inapuliza, kwa hiyo nimeweka wanawake watatu kazi yao ni kuinua kila karatasi ya kwenye kapu mbele ya taa na kuirudisha ile nzima, na nyingi ni nzima, siku nyingine karibu zote, na ukinikosa ofisini utanikuta pale nimekaa nao, tunainua karatasi na kusengenya.

Muuguzi akasema, "Mama, majibu yako yametoka, kuna alama imeonekana, inaelekea kipande kidogo cha kromosomu kimepungua, ni kasoro adimu sana, mmoja kwa maelfu, tungependa uje umwone daktari wa vinasaba." Nikamuuliza swali moja tu, kwa sababu ndilo swali ninalomuuliza kila mtu anayeniuzia kitu: "Kipimo chenu kina usahihi kiasi gani?" Akasema, "Zaidi ya asilimia tisini na tisa, lakini mama, ingefaa—" na hapo nje lori lilikuwa linapiga honi, mzigo wa Suwon ulikuwa umechelewa, nikasema asante nimeelewa, nikakata. Mimi si mtu wa kuelezwa tisini na tisa maana yake nini.

Nikamwambia Baba Solbi nilivyoambiwa, kwamba mtoto ana kasoro, uhakika asilimia tisini na tisa. Kesho yake asubuhi alipita mbele yangu akawasha lori bila kuinama. Na kuanzia hapo, Shangazi, jina limekufa nyumbani kwangu, hakuna Chaltok, kuna "kijusi". Baba Solbi ambaye hakuwahi kutumia neno la hospitali maishani mwake, mtu anayeiita presha "ile damu ya kupanda", leo ananiambia, "Mke wangu, kijusi bado ni kidogo, kijusi hakijui lolote, daktari wa Cheonan anasema kwa wiki zako ni kazi fupi," kumbe ameshapiga simu kliniki ya Cheonan, ameshaniwekea nafasi Ijumaa hii, bila kuniuliza, mimi ambaye hata mafuta ya lori yanasubiri sahihi yangu! Nikamuuliza, "Umeniwekea nafasi kama gari la kwenda gereji?" Akasema, "Nakufikiria wewe. Una miaka arobaini na moja. Zile mbili nilikuona ulivyokuwa." Akatoka nje. Uwanja ukafagiliwa tena.

Mama mkwe nikampigia mwenyewe, nikidhani mwanamke mwenzangu ataniliwaza, akasema, "Unajua mkwe, nimeifikiria ile ndoto. Boga lile nadhani halikuwa letu. Mke wa mpwa wangu kule Daecheon naye ana mimba, mimi nilimwotea yule." Shangazi, mtu anaweza kurudisha ndoto kama mtu anayerudisha sweta dukani? Na boksi zangu za gim hakurudisha.

Sasa nikupeleke Jumamosi, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Ilikuwa siku yetu ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, ya majira ya baridi, kabichi mia na hamsini zilikuwa zimelala kwenye chumvi tangu jana yake, na siku hiyo huwezi kumwambia mtu asije, wanakuja wa kanisani, wanakuja ndugu, tunavaa glavu nyekundu tunakaa kuzunguka turubai na mlima wa pilipili katikati. Alikuja shemasi wetu wa kike, dada Ok-bun, ambaye ananipenda kweli, sisemi uongo, alinifundisha kusali nilipokuwa sina hata mahali pa kulala, na alikuja mdogo wangu Mi-ryeong, nimemsomesha mimi kwa mwani, sasa anafanya kazi maabara huko Daejeon, ana digrii tatu na ulimi wa nne, na wote wawili nilikuwa nimewaeleza majibu na ile nafasi ya Ijumaa. Na picha ya mtoto, ile ya hospitali, ilikuwa imebandikwa kwenye friji.

Ok-bun aliiona, akainuka, akaishika na glavu yake yenye pilipili, machozi yakamtoka, akasema, "Mtazameni. Moyo unapiga. Vidole anavyo. Na hii si dini nasema mimi, hii ni sayansi, sayansi yenyewe imethibitisha huyu ni mtu tangu siku ya kwanza, sasa mtu ana haki gani ya kupanga Ijumaa?"

Mi-ryeong hakuinua hata macho kutoka kwenye kabichi. "Mama Shemasi, sayansi ipi hiyo? Mimi nashinda humo. Kwa wiki hizi ubongo haujaungana na kitu, hakuna maumivu, hakuna fahamu, ni kijusi. Sayansi inasema ni mwili wa dada yangu na uamuzi wake."

"Wewe hujazaa, utajua nini cha moyo unaopiga?"

"Na wewe umezaa wanne, umejua nini cha neva?"

"Neva! Ulipokuwa tumboni kwa mama yako ulikuwa kijusi na wewe? Mbona leo una mdomo?"

"Nilikuwa kijusi, ndiyo, na mama angeamua vingine nisingekuwepo kulalamika. Na sheria ya kuwafunga wanawake wanaotoa mimba mahakama ilishaiondoa."

"Sheria imeondoka, Mungu hajaondoka!"

"Basi mwache Mungu azungumze na dada, usimvalishe koti la maabara!"

Ok-bun akaivuta picha upande wake, Mi-ryeong naye akaikamata na glavu zake, "Nipe, si yako," "Wala si yako," mpaka picha ikajaa pilipili tupu, mtoto haonekani, na mimi nimekaa katikati na kabichi mkononi naipaka kila jani kana kwamba hakuna kinachosemwa, na hakuna hata mmoja wao, Shangazi, nasema hata mmoja, aliyegeuka akaniambia, "Wewe unasemaje?" Baba Solbi aliingia kubeba ndoo, akawakuta wameshikana, akaichukua ile picha mikononi mwao, akatoka nayo. Nikajua ameitupa. Wageni walipoondoka nilitafuta kwenye mapipa, sikuiona, na leo Jumapili nimeingia kwenye lori kuchukua karatasi za mzigo, nikashusha kizuia jua cha upande wa dereva, nikaikuta imechomekwa pale, imefutwa pilipili, pembe moja tu bado nyekundu. Yaani hata picha ameniondolea machoni, ameificha nisiione, ili Ijumaa nisiwe na cha kukumbuka.

Shangazi, mimi naishi kwa hesabu. Nikiingia gharama najua inatoka wapi. Nimechoka na watu wanaonipigia kelele kwa jina la sayansi. Naomba uniambie mambo mawili, moja, kati ya shemasi na mdogo wangu nani mwenye sayansi ya kweli, ili nimfuate huyo. Na la pili, asilimia tisini na tisa ni asilimia tisini na tisa, je, Ijumaa niende Cheonan au nisiende? Na ikiwa naenda, je, ni dhambi au ni ujinga, kwamba usiku wa kuamkia leo bado nimemwita Chaltok, kwa sauti ndogo, bafuni, maji yakiwa wazi?

Ni mimi,
Mwenye Kiwanda, Gwangcheon


Shangazi Pyo anajibu:

Pole, mama. Pole sana, na nakusalimu pamoja na huyo uliyembeba. Barua yako imeruka foleni yote mezani kwangu kwa sababu ya hiyo Ijumaa, na nimempigia daktari wa vinasaba ninayemwamini kabla ya kuandika, maana mimi ni mshauri tu. Nianze na lililo dogo. Kumwita mtoto wako jina lake bafuni si dhambi wala si ujinga. Zima maji, mwite sebuleni.

Sasa nikugombeze. Wewe mwanamke unayewauliza wauza mashine maswali mpaka wanatoka jasho, ulimkatia simu muuguzi katikati ya sentensi muhimu kuliko zote za mwaka wako. Alisema "lakini". Nataka umalizie hiyo "lakini" yake, na huhitaji digrii, unahitaji kapu lako la bluu.

Umeniambia mwenyewe: mashine yako haipitishi karatasi mbovu, lakini ni mwoga, inapuliza hata vivuli, na ndani ya kapu nyingi ni nzima. Je, uliwahi kulichukua kapu zima ukalimwaga kwa sababu mashine ni nzuri? Umeweka wanawake watatu na taa. Kipimo chako cha damu ni ile kamera. Hakimgusi mtoto, kinasoma chembe za kondo la nyuma zilizopotea njia zikaingia kwenye damu yako. Na kasoro waliyokutajia, muuguzi alisema ni adimu, mmoja kwa maelfu. Tupige hesabu ya mfano, sisemi ndiyo yako. Tuseme ni mmoja kwa kila mimba elfu nne, na tuseme kipimo ni kizuri mno, kinamkamata huyo mmoja bila kukosa, na kwa watoto wazima kinakosea mara moja tu kwa elfu. Katika elfu nne kitamkamata mgonjwa mmoja, na kitawapuliza wazima wanne. Kapuni wako watano. Mmoja ndiye mwenye kasoro. Kipimo bado ni sahihi kwa zaidi ya asilimia tisini na tisa, na bado wanne kati ya watano ni wazima. Ile tisini na tisa ilikuwa sifa ya mashine, mama. Wewe ukaipeleka nyumbani kama habari za mtoto, Baba Solbi akaipokea kutoka kwako, na anakuamini kwa hesabu kuliko anavyomwamini waziri. Ndipo akapiga simu Cheonan.

Usikimbilie kufurahi. Mtoto wako anaweza kuwa ndiye yule mmoja. Sijui, na mdogo wako hajui, na shemasi hajui, na daktari wa Cheonan ambaye hajakuona hajui. Kuna kipimo cha pili kinachochukua maji ya mfuko wa uzazi na kusoma kromosomu za mtoto zenyewe. Hiyo ndiyo taa. Kinafanyika kuanzia wiki ya kumi na sita hivi, kina hatari ndogo ya mimba kutoka, na kwa mwanamke aliyepoteza mbili sitakuambia hatari ndogo ni kitu cha kupuuza. Majibu yake nayo yanachukua muda. Na nikuambie ukweli ambao wapole hawatakuambia: ukisubiri, na mwisho mkaamua kutoendelea, itakuwa kazi nzito zaidi kwa mwili wako na kwa moyo wako, na daktari atakayekubali hapatikani kwa urahisi, hasa sasa sheria ya zamani imeondoka na mpya haijatungwa, kila hospitali inajipangia. Kusubiri kuna bei. Lakini ya Ijumaa ukishaifanya hairudi, na utakaa miaka yote iliyobaki kando ya lile kapu ukiinua karatasi nzima mbele ya taa. Mimi nakuonea huruma kwa hilo kuliko kwa lolote.

Swali lako la nani mwenye sayansi ya kweli. Wote wawili, na ndiyo maana hakuna aliyekusaidia. Ok-bun amesema moyo unapiga na vidole vipo: ni kweli, na ulichobeba kina uhai na ni cha ukoo wa binadamu, hakuna mwanasayansi atakayebisha. Mi-ryeong amesema ubongo wa wiki hizi haujaungana kiasi cha kuhisi maumivu: wengi wa wanaoyachunguza mambo hayo wanasema hivyo. Mpaka hapo sayansi imekuja mpaka kwenye kizingiti cha jiko lako, imevua viatu, imesimama. Haikuingia. Walioingia ni hao wawili wenyewe. "Kwa hiyo ana haki ya kuzaliwa," huyo ni Ok-bun na imani yake. "Kwa hiyo ni uamuzi wako," huyo ni Mi-ryeong na msimamo wake. Imani ni kitu cha heshima na msimamo ni kitu cha heshima, kila mmoja na atetee chake kwa jina lake mwenyewe. Hakuna darubini inayoonyesha neno "lazima". Inaonyesha kilichopo, na kwa kiasi gani tuna uhakika, basi. Wote wawili wanakupenda, na wote wawili walikuwa wamekamata picha ya tumbo lako bila kukutazama usoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, ukimaliza kusoma, piga simu Cheonan ufute hiyo nafasi. Usimtume mumeo, piga mwenyewe. Ikibidi siku nyingine watakupa nafasi nyingine. Halafu piga ile hospitali iliyokupima, mtafute yule muuguzi, mwombe msamaha kwa kumkatia, na umwambie Ijumaa hiyo hiyo mnataka kumwona daktari wa vinasaba, wewe na Baba Solbi. Ukifika muulize kama unavyowauliza wauza mashine: kwa kasoro hii hasa, katika kila kumi waliopata alama kama yangu, wangapi kweli wanayo? Altrasaundi ya kina inaonyesha nini? Kipimo cha maji kina hatari gani kwa mwanamke aliyepoteza mimba mbili? Mwisho wa kuamua kwa usalama ni wiki ya ngapi, katika hospitali hii, si kwenye mtandao? Asipokuwa na namba aseme hana.

Na kama taa ikisema kweli kipande hakipo, usikimbie tena na neno moja kutoka kwenye simu. Kasoro za namna hiyo zina watoto wanaoimba kanisani na zina watoto wasiofika mwaka. Uliza yenu iko wapi, omba kukutana na mama anayemlea mmoja, tazama mikono yake na nyumba yake. Kisha mwamue wawili ninyi. Sitakuambia mwamue nini, na ukiniandikia tena kuniuliza nitakujibu hivi hivi. Mkimzaa, mpigie Ok-bun umwambie siku zake za kuja kukushikia mtoto ni Jumanne na Alhamisi. Msipomzaa, mpigie Mi-ryeong umwambie aje kulala nawe wiki nzima, afue, apike supu, na aache makaratasi yake Daejeon. Mwenye maoni juu ya tumbo lako alete na mikono. Mama mkwe mwache na boga lake. Anaogopa, na watu wazima wakiogopa wanarudisha vitu.

Nimebakisha Baba Solbi, kwa sababu kwake ndiko ulikosoma vibaya kuliko kote.

Unasema amekuondolea picha. Mama, kuna mapipa mangapi nyumbani kwako siku ya kimchi? Mtu anayetaka kitu kisahauliwe anakitupa kwenye mabaki ya kabichi, kazi imekwisha. Huyu amekaa mahali fulani peke yake na kitambaa, akaifuta pilipili taratibu kwenye karatasi laini ile isichanike, mpaka mtoto akaonekana tena, halafu akaichomeka mahali ambapo anaweza kuishusha njiani Suwon bila mtu kumwona. Neno "kijusi" hakulipata kwenye sayansi. Amelishika kama koleo, kwa sababu jina lile linamuunguza. Alikuzika nusu mara mbili, na akakuona unakuja na habari ya tatu yenye uhakika wa asilimia tisini na tisa. Alikosea kukuwekea nafasi bila kukuuliza, na hilo umwambie, kwa sauti, usilimeze. Lakini usimwite adui.

Ijumaa pandeni lile lori, si gari dogo. Mkishatoka nje ya mji, nyoosha mkono wewe mwenyewe ushushe kile kizuia jua, picha ianguke kati yenu. Usimweleze hesabu bado, za kapu zitakuja baadaye. Mwite kwanza mtoto, wewe, kwa sauti yako ya kiwandani: Chaltok. Halafu nyamaza. Akitaka kusimamisha lori pembeni, asimamishe. Akiendelea kuendesha bila neno, tazama midomo yake.